Goti, Si Mguu

Weston Road, Mount Dennis,
Toronto.
20 Oktoba 1996

Mpendwa kaka Kinoti,

Hamjambo huko nyumbani? Wifi Nkatha hajambo? Mama je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima, ila baridi imeshaanza kutuonyesha cha mtema kuni. Natembea na soksi mbili mbili kama bibi kizee.

Mpwa wako Crispus amekuwa jitu, akiingia mlangoni anainama. Bado anachezea chuo ule mpira wao wa huku wenye umbo la yai, wanaoubeba mikononi na kuangushana. Nafasi yake wanaiita taiti endi. Husimama ukingoni mwa safu, mara awazuie majitu ya upande wa pili, mara achomoke mbio akadake mpira. Mwaka jana alikuwa wa akiba, kazi yake kupasha benchi joto, na nisikufiche, alistahili. Alidakia kifuani, na akisukumwa kidogo yuko chini. Mwaka huu, wee! Anadaka kwa ncha za vidole, na nimemwona akimzuia mtu mwenye shingo kama ya fahali wa baba. Mchezaji wa kwanza alipovunjika bega, kocha akasema Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Crispus ndiye atakayeanza.

Sasa, wiki mbili kabla alikuwa ameniambia, "Mami, mguu inauma." Unajua Kiswahili cha hawa watoto ni cha kuokoteza. Nikaona ni viatu. Nikamnunulia vingine, nikawa namchua nyayo kila jioni, naye ananitazama tu. Kumbe ni goti! Neno goti hakulijua. Kwake, kuanzia kiunoni hadi kidole gumba ni mguu.

Niligundua Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, nilipomwona akishuka ngazi za nyumba yetu upande upande, moja moja, ameshikilia ukuta. Kaka, moyo ulinipasuka. Nilikuona wewe mwaka sabini na moja, ukiteremka kwenda kiwanda cha kahawa.

Nimezikumbuka mno siku zile. Nilikuwa nakubebea viatu vya mpira, nimevining'iniza shingoni kwa kamba, najiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Ule uwanja wa shule baada ya mvua, harufu ya nyasi, wasichana wakiita "Kinoti! Kinoti!" nami nawaringia kwamba huyo ni kaka yangu. Halafu ile asubuhi ya fainali, uliponiomba nikufunge goti kwa leso ya Mama na nisiseme. Nikafunga. Mama alipoona unachechemea, nikamwambia umeteleza mtoni. Hukucheza tena baada ya siku ile. Hujanilaumu hata mara moja, nami sijathubutu kukuuliza.

Crispus naye aliniomba nisimwambie kocha. Safari hii nilisema. Nilimpigia simu kocha palepale, mtoto akiwa amesimama mbele yangu. Daktari amesema kano imechanika kidogo, na angegongwa tena Jumamosi, basi, kwisha kazi. Apumzike, akijaliwa atacheza mwakani. Crispus alilia kwa hasira. Tangu siku hiyo ananijibu kwa kichwa tu, na hata bandeji anajifunga mwenyewe, tena vibaya. Naumia, Kinoti. Mwandikie, tafadhali. Wewe unajua anachokisikia, mimi ananiona adui.

Nisalimie Mama na wifi, na umwambie Mama leso yake niliiharibu mimi. Mungu awafunike nyote, na mvua iwajie kwa kiasi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu enzi za viatu shingoni,

Asumpta

N.B. Niliiacha barua hii mezani nikaenda kazini. Nimerudi nimekuta maneno haya hapa chini. Sikujua kama anaweza kusoma Kiswahili chote hiki. Siyasahihishi.

Mjomba, goti yako iko aje? Yangu inauma. Leo nitaambia Mami anifunge.
Crispus