Bodi Zilizolala na Ukungu

Jumatatu, 8 Juni
Karakana saa moja kasoro robo. Nimefungua madirisha yote manane, kama mwongozo wangu unavyoagiza: hatua ya kwanza, hewa safi. Tabia ya shule ya misheni, haijanitoka. Bodi kumi na moja za saketi za taa za sola zimetoka tanurini na malengelenge. Zote za meza ya Mwanaidi.

Jumanne, 9 Juni
Kumi na nne leo. Meneja anasema Mwanaidi ana mikono michafu. Amempa hadi Ijumaa. Malengelenge yakiendelea, ataondoka. Mimi ndiye mhandisi wa mchakato, mstaafu aliyeitwa tena, nami nilinyamaza. Naona aibu. Binti huyu wa kijiji cha Mlola ana macho makini kuliko wote. Nilimweka dirishani mimi mwenyewe, apate mwanga.

Jumatano, 10 Juni
Nimepima joto la tanuri mara tatu. Halina kosa. Nimebadilisha lehemu. Malengelenge yale yale.

Saa ya chai Mwanaidi alinijia. Zamani alihudumia vikaushio katika kiwanda cha chai.

"Shikamoo, mzee. Unisamehe, nina neno la kijinga."

Nikamwambia ya kijinga nimeyamaliza mimi, aseme tu.

"Jani bichi hatulitii motoni bila kulinyausha. Hizi bodi tunazitoa mifukoni jioni, zinalala mezani kwangu, asubuhi unafungua madirisha, ukungu unaziingia. Zina maji, mzee. Tuzinyaushe kwanza."

"Mwanaidi, mwisho utatutilia na sukari," akasema mwenzake wa meza ya pili. Wakacheka. Mimi sikucheka. Madirisha ni yangu.

Alhamisi, 11 Juni
Madirisha yamefungwa. Bodi ishirini za meza yake, zilizoingiwa na ukungu wa jana, zimekaushwa kwa joto dogo, muda wa saa nne. Ishirini nyingine kama hizo hazikukaushwa. Kisha zote tanurini. Zisizokaushwa: saba zimeharibika. Zilizokaushwa: hakuna hata moja. Nilifurahi kama mwanafunzi. Furaha ikapoa. Maana yake kosa ni langu.

Ijumaa, 12 Juni
Kabla watu hawajaondoka kwenda swala niliomba dakika mbili. Nilivua kofia. Nilimweleza meneja, mbele ya wote, kwamba kosa liliandikwa kwa mkono wangu na dawa imetoka kwa Mwanaidi. Nilimwomba Mwanaidi radhi. Meneja alikohoa, akamwambia Jumatatu arudi mezani pake. Mwanaidi alikuwa ameinama, akifunga na kufungua kibano chake.

Nimezeeka viwandani. Sikumbuki kujivunia mtu kama leo.

Jumamosi, 13 Juni
Nimeandika mwongozo upya. Hatua ya kwanza: nyausha bodi. Neno ni la chai, nimeliacha hivyo hivyo. Chini, jina la Mwanaidi, kisha langu. Marehemu mke wangu angeusahihisha mwandiko.

Nyumbani nimefungua madirisha. Ukungu umeingia hadi kwenye kiti cha mke wangu. Nimeuacha ukae.