Kijani Juu ya Kaburi Lako

Mama,

Leo ofisini hapa Kasese nimeona mahali ulipolala. Picha mpya ya setilaiti iliingia asubuhi, nikaikuza, nikaifuata barabara ya Bwera mpaka kwenye shamba letu. Kazi yangu bado ni ile ile: vihisi vya huko juu hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye majani, na ramani hupaka kijani palipo na mimea mingi. Shamba lako lilikuwa la kijani kuliko yote ya mlimani. Bosi akachungulia, akasema, "Hapa wakulima wako sawa."

Hakuna mkulima hapo, Mama. Ni magugu. Jirani yako Mama Kabugho alinipigia simu Jumapili: "Masika, shamba ya mama yako imekuwa pori. Hata kaburi haionekani." Maharage uliyopanda kati ya mibuni yamekauka bila wa kuyavuna, na mimi tangu tukuzike sijarudi. Ningerudi kwa nani? Jioni nakula peke yangu na simu iko kimya, maana wewe ndiye uliyekuwa ukipiga kuniuliza nimepika nini. Inaniuma, Mama. Inaniuma sana.

Unakumbuka ulivyotandika kitenge chako chekundu uani ili setilaiti ikuone? Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikakueleza kwamba nukta moja ya picha ni kubwa kuliko jiko lako. Ukakunja kitenge kwa hasira: "Sasa hiyo kitu iko inaona nini, kama haioni mutu?"

Leo nimepitia picha za zamani, za ulipokuwa hai. Kila msimu wa palizi, kijani cha shamba letu kilipungua, udongo ukajitokeza kidogo kidogo kutoka upande wa nyumba kwenda chini. Kumbe ni wewe. Ni jembe lako lile, Mama, na miaka yote hiyo lilikuwa likinipitia mbele ya macho.

Pumzika. Jumamosi napanda gari la Bwera. Jembe lako liko kwa Mama Kabugho. Nitaanzia kaburini, nishuke mpaka kwenye mibuni, na nitarudi kila palizi. Picha ijayo itaonyesha udongo mtupu hapo, na bosi ataniuliza shamba lile limepatwa na nini. Nitamwambia kuna mtu.

Mwanao,
Masika