Urea ya Shambani kwenye Gari la Maziwa

Kitaji, Musoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama mwenyewe, magoti hayakusumbui na baridi ya Makete. Mwanangu Faraja hajambo? Kile kikohozi kimeisha? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo umechoka. Nimeandika kwa sababu tukiongea kwenye simu Faraja husimama karibu yako akisikiliza, na haya sitaki ayasikie.

Mama, gari la maziwa limekufa.

Unakumbuka nilivyojisifu nilipolinunua? Dizeli, halili mafuta, nakusanya maziwa Butiama na Bunda, nauza Musoma, na bado nabaki na chochote. Nilisema nikipata vyumba viwili nakuja kumchukua mwanangu aanze shule huku. Kumbe haya magari ya dizeli ya siku hizi yanadeka kuliko bibi harusi. Mbali na mafuta na oili, lina tanki dogo la maji ya urea ya kusafishia moshi. Yakiisha, gari linagoma.

Mwezi uliopita taa iliwaka nikiwa Bunda kwa Mzee Magesa. Huyu ni mkulima wa pamba, ananiuzia maziwa kuliko wote na ananiita binti yake. Nikamwambia maji ya urea yameisha Musoma, mpaka niagize Mwanza. Akacheka.

"Urea? Si hii tunawekaga kwenye mahindi? Iko mfuko mzima stoo!"

"Mzee, ile ni mbolea."

"Kitu ni kile kile, mwanangu. Wanakuuziaga bei kubwa sababu wewe ni mgeni."

Nilitaka sana kumwamini. Akaiyeyusha mwenyewe kwa maji ya moto, akaichuja kwa kitenge cha mkewe, tukamimina. Taa ikazimika. Tulipiga makofi kama wajinga, na ndivyo tulivyokuwa.

Wiki haikuisha. Kwenye kilima cha Butiama gari likakosa nguvu, baiskeli zikawa zinanipita. Nilipofika Kitaji nikazima injini kwa mazoea tu, na halikuwaka tena. Maziwa yote yaliharibika. Fundi alifungua mabomba akanionyesha mawe meupe yameshikana kama magadi. Pampu imekufa, na chujio la moshi nalo limeziba kabisa. Vifaa vinaagizwa nje, na bei yake inazidi nusu ya niliyonunulia gari zima! Nikamleta mtu wa kompyuta kutoka Mwanza, akasema atalidanganya gari lisahau mambo ya moshi. Alichukua hela yake, akaliacha hata taa za mbele haziwaki.

Mzee Magesa alikuja mpaka hapa kwangu. "Nimekuharibia mimi. Nina maksai wawili, tuwauze." Hao ndio wanaomlimia pamba, Mama. Nilikataa. Hata wakiuzwa wote hela haifiki, na yeye angelima na nini? Alilia mlangoni, mtu mzima yule, na mimi nikalia naye.

Gari amelichukua fundi kwa bei ya vyuma, na hela yote imekwenda kwa wenye maziwa waliokuwa wananidai. Sasa naanika dagaa wa watu pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Ninachopata kinatosha kodi ya chumba na ugali. Nimeitafuta njia nyingine, sijaiona, na sitaki kukudanganya kwamba ipo.

Nisalimie shangazi Rehema, mwalimu wetu wa kwaya. Nisalimie pia mjomba Ezekia seremala, na umwambie kile kitanda kidogo alichomtengenezea Faraja aje nacho huku, akiweke hapo kwako.

Mwandikishe shule hapo kijijini, Januari isimpite. Akiuliza nitakuja lini kumchukua, usimpe siku. Na dada ameniambia Faraja ameanza kukuita wewe mama. Usimkataze.

Mwanao,
Esta