Vizimba Chini ya Mteremko

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo katika chumba mlichopanga karibu na hospitali, na nyonga ya Mama iliyopasuliwa imeanza kukubali mazoezi. Mimi mzima, ila mikono imegeuka myekundu kwa rangi na mgongo unalalamika. Nakuandikia barua kwa sababu simu niliyoiangusha majini haijafufuka.

Sasa habari njema. Uliniachia chaza wako niwaangalie, lakini kule mdomoni mwa hori, mkono wa bahari unapoanzia, ni mbali, nikiwa kazini siwaoni, nikahofia wezi. Kwa hiyo Jumapili nimevivuta vizimba vyao vyote hadi hapa karakanani, chini kabisa ya mteremko wa kushushia boti. Nakwangua boti za matajiri huku jicho moja liko kwa chaza. Bosi anataka boti zote za wikendi zipakwe upya kabla ya msimu. Wewe lala usingizi.

Mdogo wako,
Kitinda

19 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mama anakusalimu, anatembea hadi dirishani na kurudi. Mimi sijambo, ila barua yako imenipandisha presha.

Umewahi kujiuliza rangi ya chini ya boti ni ya nini? Imetiwa shaba ili kiumbe chenye gamba kikijaribu kung'ang'ania, kife. Chaza wangu wana nini, manyoya? Nawe umewaweka pale pale unapopiga msasa. Vumbi lile ni sumu, linaangukia majini, na wao kutwa nzima kazi yao ni kuchuja maji.

Warudishe mdomoni mwa hori leo. Tandika turubai chini ya kila boti, lowesha kabla ya kupiga msasa, na takataka zote zitiwe mfukoni, zisifagiliwe majini. Mwenye hoteli atakuja mwezi wa tano kununua mavuno yote. Asipochukua, sina cha kurudia huko.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Shikamoo, na Mama mwambie namkumbuka. Usinikasirikie. Dereva wa lori la barafu aliisahau barua yako chini ya kiti, nimeipata juzi.

Turubai Bosi amekataa kununua. Anasema shaba kidogo haijawahi kumuua mtu. Basi nikatumia akili: msasa nimeacha kabisa. Boti zilizokwisha kupakwa naziosha zikiwa majini, kwa brashi ngumu, na vumbi hakuna hata punje. Linatoka wingu jekundu tu, kisha linapotea na maji. Wenye boti wanafurahi, zinang'aa. Vizimba sijavirudisha, boti ya kuvivuta imekodiwa mpaka mwisho wa mwezi.

Nadhani safari hii utanisifu.

Mdogo wako,
Kitinda

22 Aprili

Kitinda,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Linapotea? Linapotelea wapi? Hilo wingu ndiyo rangi yenyewe, na umewanywesha chaza wangu. Natamani nikushike sikio nikuzungushe karakana nzima. Rangi inayotoka hivyo haisuguliwi majini kabisa. Boti ipandishwe nchi kavu, ioshwe mahali ambapo maji machafu yanakingwa. Na mwambie Bosi kwamba boti inayolala kwenye trela mwaka mzima na kuogelea siku mbili haihitaji rangi hiyo hata tone.

Vizimba vitoe kwa chochote kinachoelea. Nimechoka kukuelekeza kwa barua.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama asisomewe barua hii.

Vizimba nilivirudisha siku ile ile barua yako ilipofika, kwa mtumbwi wa kuazima, lakini nilikuwa nimechelewa. Chaza wachanga wote wamekufa. Wakubwa wako hai, tena wanene, ukiwatazama huwezi kujua.

Jana mwenye hoteli amekuja. Bosi alimleta mwenyewe hadi vizimbani, akawasifu chaza kana kwamba kawalea yeye. Yule bwana akasema anachukua wote. Nilijua unachokingoja, dada. Nikamfungua chaza mmoja kwa kisu, nikampa Bosi.

"Onja, Bosi."

"Mimi nimeshiba."

"Mmoja tu. Si ulisema shaba kidogo haijawahi kumuua mtu?"

Akamtazama chaza, akamtazama mgeni, akasema tumbo lake halijatulia tangu asubuhi. Mwenye hoteli si mjinga. Akauliza, shaba gani? Nikamweleza yote. Akaondoka mikono mitupu, na Bosi akaniambia nisikanyage tena karakanani.

Nimekuharibia mara mbili. Niandikie chochote, hata matusi.

Mdogo wako,
Kitinda

9 Juni

Kitinda mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo, ameacha mkongojo. Barua yako alininyang'anya akaisoma mwenyewe, na pale pa tumbo la Bosi alicheka hadi akajishika nyonga. Mimi sikucheka. Nimekuandikia barua kadhaa nikazichana kwa hasira.

Kwa kuvihamisha vizimba, bado sijakusamehe. Kwa mwenye hoteli, ulifanya ambalo ningelifanya mimi, na inaniuma kwamba hukuwa na njia nyingine.

Lakini mavuno hayapo, nami siwezi kungoja msimu mwingine bila kitu mkononi. Nimepata kazi ya kufua mashuka hapa hospitali, nimeanza jana. Mama anabaki nami. Wale wakubwa wazike nchi kavu, na asile mtu hata mmoja. Kisha osha vizimba, utie mbegu mpya, chaza wachanga wengine. Ni vyako sasa.

Dada yako