Hodi Minazini

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefunga duka langu la kanga mapema tena. Mama katoroka. Mimi na jirani tumemkuta Mnazi Mmoja, peku, anauliza njia ya Minazini. Kwao, alikozaliwa, ng'ambo ya Kigamboni. Zamani kijiji cha wavuvi, siku hizi mahoteli matupu. Jirani akaninyooshea kidole, akamwambia huyu si mwanao? Mama akanitazama vizuri. Akasema hanijui. Nimelia chooni kama mtoto.

Jumatano, 13 Agosti

Kaamka na kanga begani, kafunga safari. Basi, nimeamua. Jumamosi nampeleka. Akiona kwa macho yake kwamba Minazini haipo, labda atatulia. Labda atanijua. Mdogo wangu Rashidi anasema nachokoza nyuki. Aseme. Si yeye anayeitwa "we dada" na mama yake mzazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumevuka kwa pantoni, kisha bajaji. Hoteli ina bwawa la kuogelea, muziki, watoto na maboya. Nikasubiri Mama aduwae. Wapi! Kashika njia katikati ya bustani, anakata kona pasipo na kona. Kwenye majani matupu akasimama.

"Hodi."

Kimya. Akarudia. Wageni wanatutazama, aibu imenijaa.

"Hodi wenyewe!"

Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unaondoka. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nikamshika mkono twende zetu. Akauchomoa. Akatabasamu, akavua makubadhi, akainama kama anayepita mlango mfupi. Akaketi. Akacheka na mtu. Hakukuwa na mtu.

Mlinzi akaja. Nilidhani anatufukuza.

"Muache tu, dada. Wazee wa huku wakija, wote viatu wanavulia hapo hapo."



Jumapili, 17 Agosti

Kanga yake ya jana inanuka moshi wa kuni. Nimeifua, bado inanuka. Sisi tunapikia gesi. Hotelini nako niliona mitungi ya gesi nyuma ya jiko.

Mama hajauliza njia. Anazungumza chumbani peke yake. Nimesikiliza mlangoni. Anauliza, ananyamaza kiasi cha mtu kujibu, kisha anaendelea. Naogopa. Rashidi nimemwambia njoo, kasema kesho.

Jumanne, 19 Agosti

Rashidi kaja, kakaa kidogo mlangoni kwa Mama, kaondoka bila kumaliza chai.  

Alhamisi, 21 Agosti

Hatoroki tena. Anakula vizuri.

Leo nimerudi kutoka dukani, nikakuta kanipakulia wali na kipande kikubwa cha samaki. Akasema karibu Minazini, nisione haya, nile, mjini ni mbali. Akaniuliza natokea wapi. Nikasema Kariakoo. Akafurahi. Akasema ana binti huko, anauza kanga, siku nyingi hajaja kumwona. Nikikutana naye nimsalimie.

Nikamwambia salamu zitafika. Nikanawa mikono, nikala.