Kigari cha Kilomita Mia na Kumi na Nane

3 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini kifua kimepoa na umeacha kubishana na daktari. Mimi mzima, ukiondoa jino la pembeni. Spana, huyu mume wangu, alilitoa Jumapili kwa ngumi moja, sababu ilikuwa chumvi. Daktari wa meno angehangaika zaidi.

Nataka kuja kwako, nisirudi kwa mume huyu. Mara ya kwanza nilijaribu basi, akanishusha kwa nywele huku abiria wakitazama saa zao. Safari hii nataka gari langu. La petroli haliwezekani, maana kila fundi mjini ni rafiki wa Spana au alifundishwa na Spana gerejini kwake, watalijua hadi mlio. Ila Mama Cherehani, fundi nguo wa mtaa wa nyuma, anauza kigari chake cha umeme: milango mitano, miaka tisa. Spana magari ya umeme huyaita pasi za nguo, hayagusi.

Swali ni moja, kitanifikisha? Hadi kwako ni kilomita 118, na njiani hakuna pa kuchaji.

Simu yangu anaipekua kila jioni. Jibu kwa mkono wa dereva wa lori la mbao, amwachie Mama Cherehani.

Mpwa wako

8 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, daktari ndiye bado. Habari ya jino niliisoma mara tatu, kisha nikaenda kupasua kuni nisizozihitaji.

Tuseme gari. Umeme nilijifunza kwa kupigwa nao, kwa hiyo nisikilize. Namba ya kilomita kwenye dashibodi usiiamini, inakisia kwa kumfuata dereva aliyetangulia, na mama wa watu nadhani huendesha kama kapakata mayai. Chaji ijae, endesha kilomita thelathini kwa mwendo wa barabara kuu, halafu soma asilimia ngapi zimeliwa. Zikizidi 24, achana nacho.

La mwisho. Betri imelala chini ya sakafu, urefu wote. Kama iliwahi kugonga jiwe, maji huingia, na siku moja gari linazima katikati ya njia. Linyanyuliwe, tumbo lionekane. Bila kuona tumbo usinunue, hata ukipewa bure.

Mjomba wako

16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hali yangu nzuri, na wewe natumaini kuni zimekwisha. Spana alikwenda kutafuta vipuri, nikapata saa mbili. Mama Cherehani alikaa pembeni yangu, kashikilia mkanda kama kamba ya kisima, akiniuliza kama mjomba wangu ana akili timamu kweli. Kilomita thelathini zimekula 22. Nimepiga hesabu, nitafika na 13 zimebaki. Nilicheka peke yangu njiani, mdomo umefungwa kwa ajili ya lile pengo.

Bei tumeelewana. Limebaki tumbo. Mama Cherehani anasema nimwachie yeye, Alhamisi litanyanyuliwa.

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Litanyanyuliwa wapi? Mashine ya kunyanyulia magari huko ninayoikumbuka ni moja tu, na unajua iko kwa nani. Mwambie aache. Tumbo si lazima. Nilizidisha.

Mjomba wako

4 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe mwandiko, ni mkono wa kushoto. Yako ilifika Ijumaa.

Mama Cherehani hakwenda mwenyewe. Alimpa gari jirani yake dereva wa teksi, akampa na karatasi yako ya tarehe nane ili fundi asikosee pa kuangalia. Dereva akaenda penye mashine. Spana akalinyanyua, akasoma, akafika kwenye jino.

Gari akamrudishia dereva, yeye akarudi nyumbani saa nane mchana. Akafunga mlango, akanawa mikono kwa sabuni, taratibu. Akasema, “Tumbo la gari ni zima. Sasa tuangalie la kwako.”

Aliangalia kwa buti. Mbavu mbili. Kisha mkono ulioshika usukani akauweka kwenye mlango wa kabati, akafunga mara tatu, akihesabu.

Ameniwekea fundi wake wa matairi anilinde, hii nampa Mama Cherehani kwa dirisha la uani. Sioni kama nitatoka humu hai, Mjomba.

Mpwa wako

11 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimefika. Naandika kwenye meza yako ya barazani.

Leo asubuhi nilipelekwa zahanati kubadilishiwa bendeji. Mama Cherehani alikuwa ameegesha gari kwenye mlango wa nyuma wa zahanati, limejaa chaji. Yule wa matairi alinifuma, akadaka mlango. Sikusimama. Nilimburuta hadi kwenye mtaro, akaachia yeye, nikasikia mfupa. Sikutazama nyuma. Nimefika na asilimia tisa.

Mlango wako una kufuli. Dereva wa lori anasema alikupakia jana kwenda mjini na begi la vifaa, hukusema unafuata nini. Nampa hii akutafute. Rudi, Mjomba.

Mpwa wako

19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Rumande wanalala wengi lakini hawakoromi sana.

Barua yako imenifikia siku moja baada ya kazi. Nilimkuta Spana chini ya lori, miguu nje. Nikamwambia atoke, mimi ni mjomba. Akacheka, akaniambia nisubiri kama wateja wengine. Nikafungulia jeki. Anaishi. Mgongo ulivunjika, miguu ndiyo haiishi.

Ningekawia siku moja ningekukuta mlangoni. Hilo nalipitia kila asubuhi kabla ya uji, halafu nalipitia tena.

Tisa badala ya 13 ni ule mlima wa kuingia kwetu, gari halina kosa. Usilijaze kila siku, themanini inatosha. Ndugu zake Spana watakutafuta. Gari liweke nyuma ya nyumba, kufuli livunje kama bado, na panga liko juu ya mlango kwa ndani. Kesi isikulete huku.

Kitanda changu kimelegea mguu wa kushoto. Lala upande wa ukutani hadi umpate seremala.

Mjomba wako