Rudi Kwenu

Jumanne, 2 Septemba

Nimeshona sare nne za shule na kugeuza kola mbili. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Nimeitia mafuta, haisikii. Biashara mbovu. Tangu wakimbizi Wanyarwanda waondoke Desemba iliyopita soko limekuwa kama nyumba iliyofiwa. Enzi zile nilishona mpaka vidole vikavimba, sasa nafukuza nzi.

Saa kumi Kaka Bakari akaingia dukani, uso umemshuka. Nikadhani kuna msiba. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akasema Deo, mfungaji wetu wa mpira wa kikapu, anahama. Anakwenda kuchezea Biharamulo.

Nimejichoma sindano.

Biharamulo, jamani! Angekwenda Mwanza tungesema mtoto kakua, kaenda kutafuta maisha. Lakini Biharamulo, wale wale waliotuzomea mwaka jana mpaka tukiwa juu ya lori. Kikapu cha Ngara kimekufa.

Hana mkataba na mtu. Nani ana mkataba hapa? Msimu umekwisha, miguu ni yake. Hilo nalijua vizuri na halinisaidii kitu.

Alhamisi, 4 Septemba

Deo amekuja mwenyewe kurudisha fulana. Ameifua, ameikunja. Namba saba niliikata kwa mkono wangu kutoka kwenye shuka jeupe. Nikamwambia aiweke hapo. Sikumkaribisha kiti.

Alisimama. Hata hivyo tangu nimjue hajawahi kukaa akaupa mlango mgongo. Akasema Biharamulo wamempa kazi kwenye karakana ya mbao, na chumba cha kulala. Nikamjibu kwamba na sisi tulimwahidi kazi. Akasema ndiyo, dada, mliniahidi. Bila ubaya wowote usoni. Hapo ndipo aliponiudhi zaidi.

Alipofika mlangoni akageuka. "Dada Zuhura, huku mpaka uko karibu mno."

Nikamwambia mpaka uko pale pale siku zote, anayehama ni yeye. Nililipenda jibu langu. Jioni nilimsimulia Kaka, tukacheka.

Niandike, kwa kuwa hakuna asomaye. Mji wote unajua kwamba Deo hakuzaliwa kijijini Kibimba. Alivuka kutoka Burundi mwaka ule vurugu zao zilipoanza, kijana wa miaka kumi na minane, peke yake. Mzee Petro wa Kibimba na mkewe Mama Skola walikuwa wamemzika mwana wao wa pekee karibuni tu. Wakamchukua huyu, wakampa kitanda cha marehemu. Kihangaza, lugha ya huku, na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mvua mbili hazikupita akawa anasema kama wao, hata "mpira" anasema "mpila". Timu ilipotakiwa barua ya kijiji, Kaka aliongoza mashabiki kwenda kwa mwenyekiti kushuhudia kwamba ni mtoto wa Petro. Sioni kama ulikuwa uongo. Waliposema ni wetu walimaanisha.

Jumapili, 7 Septemba

Mashabiki wamekutana uwanjani baada ya misa. Uwanja ule uliachwa na watu wa misaada enzi za kambi ya Benaco: nguzo mbili, ubao wenye nyufa, chuma kilichopinda kidogo kushoto. Kaka ndiye mwenyekiti wa mashabiki na ngoma ni yake, kwa hiyo hotuba ikawa ndefu. Msaliti. Mroho. Shukrani ya punda mateke. Wanaume wazima walilia.

Kisha fundi baiskeli mmoja akasimama. Akasema tangu mwaka ule wa maiti mtoni alikuwa hajacheka, mpaka siku alipomwona Deo akiruka.

Ni kweli. Mwaka ule wa mauaji ya Rwanda mto ulileta watu, tukaacha kula samaki. Mpaka leo siwezi kuwatia mdomoni. Halafu zikaja hema, kilima baada ya kilima, moshi usiokatika, miti ikaisha. Halafu asubuhi moja hawapo. Ukipita Benaco sasa ni visiki, na maturubai ya bluu yanapepea kwenye miiba, na ukisimama kidogo unahisi kuna watu wanakutazama. Mimi sipiti tena peke yangu. Katika miaka yote hiyo tulikuwa na jambo moja jema, jioni, kijana anaruka na mpira unaingia bila kugusa chuma. Ndiyo maana tumeumia. Asiyekuwapo atasema ni mchezo tu.

Baadaye wakaenda kilabuni kwa rubisi, pombe ya ndizi. Kaka hanywi, alikwenda kuangalia tu. Wakauchomoa mrija wa Deo kwenye kibuyu, wakauvunja. Kwa Wahangaza hilo ni zito. Watu walionyonya kibuyu kimoja hawavunjiani mrija hivi hivi. Mama mwenye kilabu aliviokota vipande akawaambia hawana adabu.

Jumatano, 17 Septemba

Malori ya serikali yameanza kupita vijijini. Wageni wote wanaoishi nje ya kambi wakusanywe, wapelekwe kambi ya Warundi, ndiyo amri. Jana wamechukua bibi mmoja aliyeolewa hapa kabla mimi sijazaliwa. Aliulizwa kwao wapi, akataja alikozaliwa, kwa kuwa hajui kusema uongo. Nilimshonea mjukuu wake gauni la komunio. Huyo mjukuu alilikimbilia lori mpaka njia panda.

Nikakumbuka neno la Deo kuhusu mpaka. Kumbe alikuwa ananiambia anaogopa, na mimi nikamchekea.

Nimemwambia Kaka. Akasema nisichanganye serikali na michezo. Lakini wali wake hakuumaliza.

Biharamulo ni mbali kidogo na mpaka. Afadhali. Leo ndiyo mara ya kwanza nimefurahi kwamba ameondoka.

Jumatano, 24 Septemba

Biharamulo wanakuja kucheza Jumamosi. Nimemtuma dereva wa lori amwambie Deo asithubutu kuja.

Mchana nikakutana na Mama Skola sokoni, anatafuta jogoo mnono. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa furaha tele. Na yeye amemtuma mtu kwa Deo. Amemwambia aje, mama yake hajamwona mwezi huu wote, atampikia.

Nilimshika mkono nimwambie. Nikaishia kumsifia jogoo.

Jumamosi, 27 Septemba



Uwanja ulijaa. Mbele alikaa mgeni rasmi, afande aliyeletwa kwa ajili ya kazi hii ya malori, hana hata mwezi hapa. Mtu mpole, anakula karanga. Deo akaingia na fulana ya kijani. Watu wakamzomea. Haki yao. Akafunga, wakazomea. Akafunga tena, nikamwona fundi baiskeli anapiga makofi kwa kujisahau, kisha anaificha mikono.

Ndipo Kaka akapiga ngoma akaanzisha: "Rudi kwenu! Rudi kwenu!"

Wimbo huo tunaimbia kila timu ngeni. Tuliwaimbia Kibondo. Maana yake panda lori lako uende, basi. Uwanja mzima ukaitikia, na watoto juu ya ukuta. Mimi sikuimba, na si kwa wema. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuja, hata sauti haikutoka.

Deo akasimama na mpira mkononi. Akatutazama mmoja mmoja.

Afande akaacha karanga zake. Akamgeukia Kaka, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza njia. "Huyu kwao ni wapi?"

Ngoma ikakatika. Mpira ulimtoka Deo ukadunda wenyewe mpaka majanini. Nikaona hakuna atakayesema, nikasimama. "Kwao Kibimba, afande. Ni mtoto wa Mzee Petro."

"Sasa kama kwao ni hapa, mnamwambia arudi wapi?"

Jibu nimelitafuta njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mzee Petro alikuwa kule mwisho. Akaja na kofia mkononi akasema huyu ni mwanangu. Afande akamwamkia shikamoo, kwa heshima zote, akamwambia asiwe na wasiwasi, kesho watafika nyumbani kuhakikisha. Deo amelala kituoni. Mechi haikumalizika. Jogoo wa watu yuko chunguni.

Jumapili, 28 Septemba

Wamekwenda Kibimba. Kaka alifuatana nao kama shahidi. Karudi mchana, kanisimulia huku anautazama ukuta.

Mama Skola aliwapa chai. Akawaonyesha kitanda cha Deo, jembe lake, na kanzu ya marehemu, akasema ndiyo Deo aliyotumikia misa utotoni. Majirani wote walisema ni Deo wa Petro, hakuna aliyetetereka. Mungu awabariki. Afande alikuwa amekwisha kuinuka aondoke. Akaomba maji ya kunawa, wakamwelekeza mtungini, nyuma ya nyumba.

Msalaba wa kaburi uko pale, kwenye migomba. Mama Skola huupaka chokaa kila mwaka. Jina limechomwa kwa msumari wa moto: Deogratias, mwana wa Petro.

Astaghfirullah. Sikulijua hilo. Hakuna aliyelijua mjini, tulidhani alipewa kitanda tu. Kumbe na jina la marehemu alilala nalo humo humo. Na lake la kwanza ni lipi? Hatukuwahi kumuuliza. Miaka yote hii tumekuwa tukishangilia jina la maiti.

Kaka amesema Deo alipoulizwa jina lake halisi kituoni alinyamaza. Wakamuuliza tena. Akanyamaza.

Jumanne, 30 Septemba

Wamempeleka kambini kwa lori, pamoja na wengine. Nililiona likipita. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kichwa chake kimewazidi wote. Sikupunga mkono. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikabaki nao.

Hakuna aliyeimba. Nimeuliza. Huyu alikuwa mbali, yule alikuwa na mafua, fundi baiskeli anaapa hakuwapo kabisa, na mimi nilimwona kwa macho yangu. Ukiwasikiliza utadhani uwanja uliimba wenyewe.

Kaka hakatai. Anakula, anafungua duka, anafunga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mji umeacha kuuliza "kwenu wapi". Sijui kama wengine wamegundua. Leo mteja mgeni, mwalimu aliyehamishiwa hapa, amemuuliza hivyo msichana aliyekuja kuchukua sketi. Swali la heri, la kufahamiana tu. Msichana alikimbia na sketi haijatiwa vifungo. Mwalimu akanitazama. Nikainamia cherehani.

Babu yangu alikuja huku kutoka Pangani na mzigo wa kanga. Baba alizaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa. Nimejikuta najifunza jibu moyoni, na nalibadilisha kila siku. Naogopa, basi.

Dereva wa boza la maji amemwona Deo kambini. Mzima. Hachezi. Kuna uwanja kule na vijana walimpa mpira, akaurudisha. Kaka alifunga safari na kilo mbili za sukari akazuiwa langoni, haingii asiye na kadi ya mkimbizi. Anasema Deo alikuwa upande wa pili wa uzio, akamwona, wakatazamana. Halafu akageuka akaenda zake. Kaka aliniambia hivyo akalia mbele yangu. Sijamwona akilia tangu tumzike Mama.

Mzee Petro naye amezuiwa mara kadhaa. Anakwenda kwa miguu na ndizi kichwani, anarudi nazo. Askari wa langoni wamemchoka. Wamemwambia, mzee, humo ndani ni wakimbizi tu.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Sikushona.

Mzee Petro na Mama Skola hawapo Kibimba. Jirani yao alikuja dukani kuniambia. Wamewafungulia mbuzi wakampa yeye, wamefunga mlango kwa kamba, wakaondoka na mkeka, sufuria na blanketi. Walikwenda mahali wanapopokelewa wanaovuka mpaka, wakapanga foleni na watu wa ng'ambo, miguu ina tope kama wao. Walipofika kwa karani wakasema nyumba yao imechomwa, wamekimbia, wanamtafuta mwana wao. Walisema kwa lugha yao ya kila siku. Nani atajua tofauti? Wakaulizwa kwao wapi. Wakataja kijiji cha Burundi ambacho hawajawahi kukikanyaga. Wameandikwa. Wana kadi.

Mzee yule baba yake kazikwa Kibimba na babu yake kazikwa Kibimba. Kabla ya kuondoka alimwambia jirani, "Kama mwana ni wa huko, na sisi ni wa huko."

Dereva wa boza amewaona. Wanakaa watatu kwenye kibanda kimoja. Mama Skola anapika nje, Deo anampasulia kuni. Alisikia mzee akimwita kwa jina jingine, fupi, hakulishika vizuri. Nilimwambia asijisumbue kulikumbuka. Si letu.

Kaka huenda Kibimba kila Jumapili sasa. Hakuna aliyemtuma. Anapalilia maharage yao, anatoa majani makavu kwenye migomba. Leo amerudi amelowa chapachapa. Nimempa kanga ajifute na chai ya tangawizi. Kisha amesema maharage yanakwenda vizuri, yakikauka tutafute dereva wa kuwapelekea.